Mita 79.5

Haya ni maneno niliyoyasema Wete, Ijumaa iliyopita baada ya sala ya alasiri, mbele ya vijana wa ngalawa, wazazi wao na kamati ya resi. Waliokuwa baharini siku ile, na waliokuwa shamba kwenye karafuu, wameniomba niyaandike. Nimeyaweka kama yalivyotoka. Nilipokatizwa nimeonesha, na pale nilipopotea njia nikarudi nimepaacha vilevile.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu mliojichagulia kivuli cha mwembe mkatuachia sisi jua, na nyinyi vijana mlioegemea ngalawa zenu kama mnaozilinda zisiibiwe: nashukuru kwa kuniita. Nimepewa nusu saa. Aliyempa baharia mstaafu nusu saa ajue ameshakosea hesabu, lakini nitajitahidi.

Nimeambiwa niseme juu ya umoja. Jamani, juu ya umoja nani hapa hajasikia? Kidole kimoja hakivunji chawa, mmeambiwa tangu chuoni, mmeambiwa skuli, mmeambiwa kwenye kila mkutano. Na bado kila mwaka resi ikimalizika tunagombana hapa hapa ufukweni. Kwa hiyo umoja nitauacha. Nataka nikuhadithieni mashindano. Si ya ngalawa, si ya mpira, si ya ng'ombe. Ni mashindano ya watu wanaoruka kwenye theluji.

(Hapa mzee mmoja akauliza: "Theluji inatuhusu nini sisi?" Nikamwambia: subira, mzee wangu.)

Kuna mtu hapa amewahi kuiona theluji? Msiwaze ile barafu mnayonunua kwa ajili ya samaki. Wazeni sufi. Siku makaka ya msufi yanapopasuka, upepo ukaipeperusha sufi mpaka uani kwako ukadhani kuna mtu anapasua magodoro. Theluji inaanguka hivyo, taratibu, bila sauti. Ila ni baridi, na ikizidi humuoni mtu aliyesimama mbele yako.

Sasa chukulieni kilima kikali. Juu yake pamejengwa mteremko mrefu wenye njia mbili nyembamba, zimegandishwa barafu. Mtu anakaa juu kabisa kwenye ubao. Miguuni amefunga mbao mbili ndefu kuliko kimo chake, ndizo zinazoitwa skii. Anajiachia. Anateremka amejikunja, mikono nyuma, na akifika chini mwendo wake ni kama kilomita 90 kwa saa. Daladala ya Wete kwenda Chake haijafika mwendo huo, na siku ikifika mimi nashuka. Hapo njia inakatika. Mbele yake hewa tupu. Anajirusha, ananyooka, anaulalia upepo, mbao zimefunguka mbele kama herufi V, na anakwenda, anakwenda, mpaka anatua kule chini kwenye mteremko wa kilima. Mita 120. Mita 130. Uwanja wa Gombani kutoka goli hadi goli, na bado anakwenda.

Na hiyo herufi V ina kisa chake. Zamani waliruka mbao zikiwa sambamba, zimebanana. Miaka ya themanini Msweden mmoja, Jan Boklöv, akaanza kuzifungua. Majaji wakamkata alama, wakaona anaharibu mchezo. Akaendelea hivyo hivyo, na msimu wa 1988/89 akachukua Kombe la Dunia pamoja na kukatwa huko. Leo wote wanaruka kama yeye. Hayo kwa ufupi tu, kwa wale wanaochekwa wanaposhona tanga kwa mtindo wao.

Vijana wa ngalawa, hapa nisikilizeni vizuri. Sisi upepo ukitoka tezi, nyuma yetu, ni rehema, tunafungua tanga tunashukuru. Upepo wa omo, unaotukabili mbele, ndio unaotuchosha, tunabisha mpaka mikono inachubuka. Wale wenzetu ni kinyume. Upepo wa omo ndio wanaouomba. Unaingia chini ya mbao, unawabeba. Upepo wa tezi unawakandamiza, unawaangusha mapema. Nani anabisha? Muulizeni mtoto anayerusha tiara. Tiara unaipandisha kwa kukimbia na upepo, au kwa kuukabili?

Siku hizi wanao utaratibu wa kuhesabu upepo: uliyebebwa unapunguzwa alama, uliyekandamizwa unaongezwa. Lakini utaratibu huo umekuja kama mwaka 2009. Kabla ya hapo, upepo uliokukuta ndio wako. Kama sisi. Kaskazi likikata wakati wewe uko katikati ya mkondo, kamati itakuongeza nini?

Na alama zinahesabiwaje? Kilimani pana mstari. Kwenye kilima kikubwa, ukiufikia una alama 60. Kila mita ukiupita unaongezewa 1.8, kila mita ukipungukiwa unanyang'anywa 1.8. Halafu majaji watano wanatazama ulivyoruka na ulivyotua. Wanataka utue mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, goti limekunjwa, mikono umeitandaza. Kila jaji ana alama 20. Ya juu kabisa inatupwa, ya chini kabisa inatupwa, tatu za kati zinajumlishwa.

Mama mmoja pale ananiuliza kwa ishara kama wanawake nao wanaruka. Wanaruka, mama. Kwenye Olimpiki waliruhusiwa mwaka 2014. Walichelewesha wanaume waliokuwa wakisema mchezo ule haumfai mwanamke. Maneno hayo na hapa tunayajua.

Sasa nije kwenye timu, maana ndiyo niliyoifuata. Mashindano ya timu za wanaume yameanza kwenye ubingwa wa dunia mwaka 1982, Oslo, na kwenye Olimpiki mwaka 1988, Calgary. Kila nchi inatoa watu wanne; kwenye Olimpiki ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2022. Wanaruka wa kwanza wa kila nchi, kisha wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Timu nane bora zinabaki, zinarudia tena. Watu wanne, mara mbili mbili, miruko minane. Yote inajumlishwa.

Yote, nasema. Alama ya jaji inaweza kutupwa. Mruko hautupwi. Huwezi kusema huu wa fulani tuuache kwa sababu aliteleza. Umo. Huwezi kumtoa katikati ukaingiza mwengine. Yumo. Kule juu mtu yuko peke yake na Mungu wake, hakuna wa kumpasia mpira wala wa kumshikia kamba, lakini akitua hesabu ni ya wanne.

Mnataka kujua hesabu hiyo inavyobana? Mwaka 2002, Olimpiki ya Salt Lake City. Miruko minane ya Wajerumani ikajumlishwa: 974.1. Miruko minane ya Wafini: 974.0. Sehemu moja ya kumi ya alama! Umbali wanaupima kwa nusu mita, na nusu mita kwenye kilima kile ni alama 0.9. Yaani Mfini mmoja, katika mruko mmoja tu kati ya minane, angetua nusu mita mbele, dhahabu ilikuwa yao. Sasa niambieni nyinyi: kati ya wale Wafini wanne, nani aliyeipoteza? Wa kwanza? Wa nne? Aliyeyumba kidogo kwenye kutua?

(Watu kimya. Kijana mmoja akasema: "Wote." Nikamwambia: wewe unasema hivyo kwa sababu si Mfini.)

Maana likiwa letu hatusemi wote. Likiwa letu tunatafuta mtu.

Mwaka 1994, Lillehammer, Norway. Wajapani wako mbele, mbali sana. Umebaki mruko mmoja tu, wa mtu wao wa mwisho, Masahiko Harada. Duru ya kwanza alikwenda mita 122. Sasa hivi hatakiwi hata kufika huko: mita kama 105 zinatosha, dhahabu yao. Kabla yake ameruka Mjerumani, Jens Weissflog, akaenda 135.5. Harada akakaa kwenye ubao. Akateremka. Akatua mita 97.5.

Dhahabu ikaenda Ujerumani. Harada alichuchumaa kwenye theluji, kichwa amekiinamisha, na wenzake watatu wakamwendea: Nishikata, Okabe na Kasai. Walikuwa wamepata medali ya fedha ya Olimpiki, na walikuwa kama watu waliotoka maziko. Kwao alisemwa miaka minne. Miaka minne, jamani. Na kila alipotokea mbele ya watu alikuwa anacheka, maana Harada ni mtu wa kucheka, kumbe na kicheko chake wakakifanya kosa.

Hapo niondoke kwenye theluji kidogo, nirudi hapa.

Mwaka 1991 nilikuwa nahodha wa ngalawa. Wazee mnakumbuka. Vijana mmesikia, na mlivyosikia sivyo. Tulikuwa wanne. Mimi usukani. Mmoja juu ya tengo. Mmoja ngamani, chini tumboni mwa ngalawa, na upo wake, anafua maji, kwa sababu ngalawa ile ilikuwa inavuja kama pakacha. Na wa nne kijana wa miaka 17 ameshika demani, kamba ya tanga. Kwenda kwenye boya tulikuwa mbele, hatuna wa kutusogelea. Tukalifikia boya, nikatoa amri ya kugeuza. Demani ikamponyoka. Tanga likapiga kofi, ngalawa ikasimama kama punda aliyegoma, na waliokuwa nyuma wakatupita wakituimbia. Tulishindwa kwa urefu wa ngalawa moja.

Nikashuka, maji yakiwa magotini. Mbele ya watu wote, mama yake mzazi akiwemo, nikamwambia: "Leo umetuzamisha."

Maneno matatu tu? Ni mawili. Leo, umetuzamisha. Yalipofika magharibi mtaa mzima ulikuwa unayajua. Watoto wakamwita Demani. Akipita dukani, Demani. Akienda kisimani, Demani. Akisimama safu ya nyuma msikitini, anasikia watu wanacheka. Hakupanda tena ngalawa. Mwaka haukwisha akapanda boti kwenda Tanga, na kutoka huko akaenda Oman. Mama yake alikuwa akiniamkia kama kawaida, na mimi nikiitikia kama kawaida, na hakuna hata siku moja aliyonitazama usoni.

Nikalisahau. Huo ndio ukweli, mwenye kosa hulisahau mapema. Nikapata kazi ya meli, nikaondoka. Na Februari 1998 meli yetu ikafunga Yokohama, Idi ilikuwa imepita kama wiki mbili na nusu. Asubuhi ile tulikuwa kwenye nyumba moja ya mabaharia, tunangoja chai. Mpishi wa pale, mzee wa Kijapani, aliacha jikoni akaja kusimama mbele ya televisheni na mwiko wake mkononi. Mfilipino mmoja aliyejua Kijapani ndiye aliyekuwa akitufasiria.

Olimpiki ilikuwa kwao, Nagano. Tarehe 17 Februari, kilima cha Hakuba, timu za wanaume. Na theluji ilikuwa inaanguka mpaka skrini yote nyeupe.

Wa kwanza wao Okabe, 121.5. Wa pili Saito, 130. Wa tatu nani?

(Watoto wakajibu: "Harada!")

Harada. Miaka minne baadaye, nyumbani kwao, wamempanga tena. Akakaa kwenye ubao, theluji imezidi. Mjue theluji mpya ikiingia kwenye zile njia inakamata mbao, inakula mwendo, na asiye na mwendo hapai. Harada akateremka, akaruka, akatua. Mita 79.5.

Mzee yule mpishi aliipa televisheni mgongo. Akasimama hivyo, anatazama ukuta, mwiko umeelekea chini, mchuzi unamdondokea kwenye kiatu.

Ipigieni hesabu. Mstari ulikuwa mita 120. Amepungukiwa na mita 40 na nusu. Kwa 1.8 kila mita, alama karibu 73 zimeliwa, na aliyefika mstarini anapewa 60. Ni mtu aliyekwenda sokoni na 60 akanunua vitu vya 73. Amerudi na deni. Na mruko hautupwi, nilishakwambieni. Wa nne wao, Funaki, akaenda 118.5, na duru ya kwanza ikaisha Japani ni ya nne. Hawana hata shaba.

Mimi pale, na chai yangu mkononi, nikamwona kijana wa demani. Miaka saba sijamfikiri. Nikamwona amesimama na kamba imemchubua kiganja, ananitazama nifungue mdomo.

Mashindano yakasimamishwa kwa ajili ya theluji. Kama duru ya pili isingefanyika, matokeo ya duru ya kwanza ndiyo yangebaki, basi, kila mtu aende zake. Sisi pale tulijua tunangoja tu. Yaliyokuwa yakitendeka kilimani niliyajua baadaye, na ndiyo yaliyonileta hapa leo.

Kwenye mchezo ule kuna watu wa kujaribu kilima. Wanaruka kabla ya wenye mashindano, waamuzi waone kama pana usalama. Alama zao hazihesabiwi. Majina yao hayatangazwi. Siku ile walikuwa 25, na waamuzi wakataka kuwaona wao kwanza: wakiruka salama, mashindano yataendelea. Katika theluji ile! Wakapanda. Mmoja akateremka, akaruka. Mwengine akateremka, akaruka. Kila anayepita anaisukuma theluji kwenye zile njia, anamsafishia anayekuja. Ishirini na tano, mmoja baada ya mmoja. Na mmoja wao alikuwa nani? Jinya Nishikata. Yule yule wa Lillehammer, aliyekosa dhahabu kwa mruko wa Harada. Alikuwa ameumia, akakosa nafasi kwenye timu, akaja kama mtu wa kujaribu kilima. Aliruka wa mwisho. Akavuka mita 120.

Mngekuwa nyinyi ndio Nishikata, mngeruka? Mimi ningesema mgongo unaniuma.

Na kuna jambo dogo zaidi, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Siku ile Harada aliruka amevaa glavu za Nishikata. Na ndani amevaa fulana ya Kasai. Noriaki Kasai naye alikuwepo Nagano, lakini katika wale wanne hakuchaguliwa, na uchungu wake hakuwahi kuuficha. Glavu za mmoja na fulana ya mwengine. Wale walionyimwa kwa sababu yake mwaka 1994, na hawakupata nafasi mwaka 1998, alipanda nao kilimani.

Duru ya pili ikaanza. Okabe, mita 137, hakuna aliyewahi kufika hapo kwenye kilima kile. Saito, 124. Harada akakaa kwenye ubao. Mpishi bado ameipa televisheni mgongo. Mfilipino akamvuta shati, hataki. Harada akateremka, akaruka, na hakushuka. Nasema hakushuka. Akapita kwenye mstari, akapita, akapita, mpaka tukadhani atakwenda kutua kwenye watu. Mita 137. Sawasawa na Okabe. Mzee akageuka kwa makelele yetu, akakuta marudio.

Amebaki Funaki. Na Harada kule chini hawezi kusimama, amepiga magoti kwenye theluji, machozi na makamasi, analitaja jina la Funaki tu. Funaki. Funaki. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani mruko wa mwisho unaweza kufanya nini. Funaki akaenda 125, akatua kama anayeshuka ngazi ya nyumba yake. Japani 933.0, Ujerumani 897.4, Austria wa tatu. Siku ile jikoni wali uliungua, tukaula hivyo hivyo, na mpishi hakuomba radhi.

Watu wanaohadithia habari hii wanamfanya Harada shujaa aliyeanguka akainuka. Nzuri, lakini mimi sikuja kuhadithia hiyo. Wangapi wanaanguka kisha hawaitwi tena? Harada hakujiita mwenyewe. Kuna watu waliomwandika kwenye karatasi, Februari ile, wa tatu, wakijua alichokifanya mwaka 1994. Kijana wangu wa demani hakuandikwa. Huenda mwaka uliofuata angetuletea ushindi, huenda angeiachia tena. Nani anajua? Hakuandikwa.

Na yule Kasai aliyeachwa? Aliendelea kuruka. Mwaka 2014, Sochi, ana miaka 41, akapata fedha ya peke yake na shaba ya timu. Miaka ishirini tangu Lillehammer.

Wazee wana msemo: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunautumia mtu akitangatanga, ya kwamba mwisho atarudi alipoanzia. Lakini leo nauchukua kama ulivyo. Ngamani kuna nani? Kuna mfua maji. Resi nzima yuko chini, haoni boya, haoni ufukwe, haoni nani yuko mbele. Anaona miguu yetu na maji machafu. Akiacha kufua kwa muda wa kuvuta sigara moja, ngalawa inakuwa nzito na tanga zuri halikusaidii kitu. Ndiye mtu wa kujaribu kilima. Sasa kamati, na hapa nasema na nyinyi mkiniangalia: zawadi ikitolewa anaitwa nani? Nahodha. Picha anapigwa nani? Nahodha. Mwaka jana niliuliza jina la mfua maji wa ngalawa iliyoshinda. Kwenye meza yenu hakuna aliyelijua.

Kwa hiyo naomba, na Bwana Sheha yupo shahidi: mwaka huu yasomwe majina manne ya kila ngalawa, na muanze na aliye ngamani. Na resi ikimalizika, nahodha asifungue mdomo wake mpaka ameshavuta ngalawa juu, amekunja tanga na ameshakunywa maji. Nimemaliza kuomba.

Limebaki moja, na nusu saa imekwisha, naiona saa ya Bwana Sheha.

Nilikwambieni demani ilimponyoka. Miaka yote nimesema hivyo, na nyinyi mmesikia hivyo. Haikumponyoka. Mimi nilichelewa kutoa amri. Nilikuwa nimegeuza shingo kutazama tumewaacha vipi walio nyuma, napata raha, na nilipolitazama boya lilikuwa limeshatufika. Nikasukuma usukani kwa nguvu, tanga likageuka ghafla, hakuna mkono wa mtu ungeizuia kamba ile. Mkono wake ulichanika. Nililijua hilo nikiwa bado baharini. Nilipokuwa nashuka majini nilikuwa nalijua.

Mwezi uliopita nilitafuta namba yake. Yuko Muscat, ana wajukuu. Nikampigia, tukaamkiana, tukaulizana hali, mvua, karafuu, nani kafa. Kisha nikamwambia: ile siku ya boya, nilichelewa.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

Akasema: "Najua, nahodha. Mimi si ndiye niliyekuwa naliona boya?"

Atakuja Idi, inshallah. Nimemwambia nitamwekea kiti mbele pamoja na wageni. Amekataa. Anataka kupanda ngalawa. Nikamwuliza demani? Akacheka, akasema demani wapewe vijana, yeye apewe upo akae ngamani.

Sasa, vijana: ngalawa ya nani haijapata mfua maji?